Jinsi ya kukadiria kutoka kwenye sampuli, na kujua kadirio lako linayumba kiasi gani

Mwanafunzi akishapima mayai 10 na kupata wastani wa gramu 54.5, huandika jibu, hulipigia mstari na kufunga daftari. Kazi haijaisha. Angechukua mayai mengine 10 kutoka trei zilezile angeweza kupata 53.8, au 55.9. Ile 54.5 ni namba moja tu kati ya nyingi ambazo zingeweza kutokea, na takwimu zinaanzia hapo: hizo nyingine zingeangukia wapi? Kama zingekaa karibu karibu, kadirio lina thamani. Kama zingetapakaa, kadirio ni la kubahatisha hata likiandikwa kwa desimali nne.

Makadirio yote yanayowezekana, pamoja na mara ambazo kila moja lingetokea, ndiyo mgawanyo wa sampuli. Jina hili huwachanganya wengi, kwa sababu linasikika kama mgawanyo wa data ulizonazo mkononi. Sivyo. Ipo migawanyo mitatu na ni lazima uitenganishe kichwani: ule wa kundi zima (uzito wa kila yai lililopo), ule wa data za sampuli yako moja (mayai 10 uliyopima), na ule wa makadirio (wastani wa kila sampuli ya mayai 10 ambayo ungeweza kuichukua). Makosa mengi ya mitihani yanatokana na kuchanganya wa pili na wa tatu.

Maneno mengine machache. Parameta ni namba ya kweli ya kundi zima, ambayo kwa kawaida huijui. Kanuni ya kukadiria ni utaratibu: "jumlisha, gawa kwa idadi". Kadirio ni namba inayotoka ukitumia kanuni hiyo kwenye sampuli fulani. Tunapouliza kama ukadiriaji ni mzuri, tunaihukumu kanuni. Kadirio moja peke yake halihukumiki, maana parameta ya kulilinganisha nayo hatuna.

Anza na maembe matano

Njia bora ya kuuona mgawanyo wa sampuli ni kuuandika wote kwa mkono mara moja maishani. Chukua kundi dogo ambalo unalijua lote: maembe matano yenye uzito wa gramu 200, 220, 250, 330 na 500. Jumla ni 1,500, wastani wa kweli ni 300, na embe la katikati, yaani mediani, ni 250. Embe moja kubwa limewekwa kwa makusudi, ili kundi lisiwe na ulinganifu.

Sasa chukua sampuli za maembe matatu bila kurudisha. Zipo 10 tu:

200, 220, 250: wastani 223.3, mediani 220
200, 220, 330: wastani 250.0, mediani 220
200, 220, 500: wastani 306.7, mediani 220
200, 250, 330: wastani 260.0, mediani 250
200, 250, 500: wastani 316.7, mediani 250
200, 330, 500: wastani 343.3, mediani 330
220, 250, 330: wastani 266.7, mediani 250
220, 250, 500: wastani 323.3, mediani 250
220, 330, 500: wastani 350.0, mediani 330
250, 330, 500: wastani 360.0, mediani 330

Tazama safu ya wastani. Hakuna sampuli hata moja iliyotoa 300 kamili. Lakini ukijumlisha wastani zote 10 unapata 3,000, na ukigawa kwa 10 unapata 300 barabara. Hii ndiyo maana ya kusema kanuni haina mwegemeo: makadirio yake, yote kwa pamoja, yanasawazika kwenye parameta. Haisemi kwamba sampuli yako itapatia. Mwenye sampuli ya kwanza kakosea kwa karibu gramu 77, na hakufanya kosa lolote la hesabu.

Safu ya mediani ina habari nyingine. Jumla yake ni 2,650, kwa hiyo wastani wa mediani ni 265. Mediani ya kweli ni 250. Mediani ya sampuli, basi, ina mwegemeo wa gramu 15 kwenda juu katika kundi hili. Wengi hudhani kanuni yoyote yenye jina linalofanana na la parameta itapatia kwa wastani, na maembe haya yanaonyesha vinginevyo.

Jaribu pia embe kubwa zaidi katika kila sampuli. Mara moja utapata 250, mara tatu 330, mara sita 500. Wastani ni 424, chini ya 500. Kilicho kikubwa zaidi kwenye sampuli hakiwezi kuzidi kilicho kikubwa zaidi kwenye kundi, ila kinaweza kupungua, kwa hiyo kanuni hii huegemea chini siku zote. Tutaikuta tena mbele kwenye vizibao vya bodaboda.

Kwa nini tunagawa kwa n − 1

Swali hili huulizwa kila mwaka na mara nyingi hujibiwa kwa "ndivyo kanuni ilivyo". Maembe yanatoa jibu. Variansi ya kundi ni wastani wa miraba ya tofauti kutoka 300. Miraba hiyo ni 10,000, 6,400, 2,500, 900 na 40,000, jumla 59,800, na ukigawa kwa 5 unapata 11,960. Kwenye sampuli huijui 300, kwa hiyo unapima tofauti kutoka kwenye wastani wa sampuli yenyewe. Wastani huo umevutwa kuelekea data zako: sampuli ya kwanza ina wastani wa 223.3, na maembe yake yote yako karibu nao kuliko yalivyo karibu na 300. Miraba inatoka midogo kupita kiasi.

Ukigawa jumla ya miraba kwa 3 katika kila sampuli, wastani wa majibu 10 ni 9,967, chini ya 11,960. Ukigawa kwa 2, yaani n − 1 (n ni idadi iliyomo kwenye sampuli), wastani unakuwa 14,950. Usishtuke kwamba sasa imepita. 14,950 ni 59,800 ÷ 4 kamili, yaani variansi ya kundi nayo ikikokotolewa kwa kugawa na N − 1, ambapo N ni idadi ya kundi zima. Ukichukua sampuli bila kurudisha, hiyo ndiyo inayokadiriwa bila mwegemeo; ukichukua kwa kurudisha, ni 11,960. Kundi likiwa na watu elfu, tofauti kati ya N na N − 1 haionekani, na ndiyo maana vitabu vya mwanzo huipita kimya.

Jambo moja la kuweka akilini: variansi ya n − 1 haina mwegemeo, lakini kipeuo cha pili chake, yaani mkengeuko sanifu wa sampuli, bado huegemea chini kidogo. Kutoa kipeuo cha pili hakuhifadhi sifa hiyo.

Kosa sanifu

Mtawanyiko wa data hupimwa kwa mkengeuko sanifu. Mtawanyiko wa makadirio nao hupimwa kwa mkengeuko sanifu, ila tumeupa jina lake ili usichanganywe: kosa sanifu. Kwa wastani, kanuni ni

kosa sanifu = σ ÷ √n

ambapo σ ni mkengeuko sanifu wa kundi. Hii ni kwa sampuli inayochukuliwa kwa kurudisha, au kundi kubwa sana. Kundi likiwa dogo na hurudishi, zidisha kwa kirekebishi cha kundi dogo, √((N − n) ÷ (N − 1)). Hakiki kwa maembe: 11,960 ÷ 3 × (2 ÷ 4) = 1,993.3, na kipeuo chake cha pili ni 44.6. Ukichukua zile wastani 10 na kukokotoa mkengeuko wake sanifu kwa kugawa kwa 10, utapata 44.6 hiyohiyo. Fanya hivyo kwa kikokotoo, usiamini tu.

Alama ya kipeuo cha pili ndiyo inayouma mfukoni. Kupunguza kosa sanifu kwa nusu unahitaji sampuli mara nne, siyo mara mbili. Kulipunguza hadi theluthi unahitaji mara tisa. Anayepanga bajeti ya utafiti akasahau hili huishiwa nauli ya wadadisi katikati ya kazi.

Ukitaka uwiano, kwa mfano sehemu ya kaya zenye maji ya bomba, kosa sanifu ni √(p(1 − p) ÷ n), p ikiwa uwiano huo. Kwa p = 0.6 na n = 400 unapata 0.0245, karibu asilimia 2.4; kwa n = 1,000 ni 0.0155.

Hapa huzuka ubishi ambao haukosekani darasani: je, nchi kubwa haihitaji sampuli kubwa? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 59,851,347 Tanzania Bara na 1,889,773 Zanzibar. Chukua sampuli nasibu, yaani ambayo kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, ya watu 1,000 kila upande. Kirekebishi cha kundi dogo kwa Zanzibar ni 0.9997 na kwa Bara ni 0.99999. Kosa sanifu ni lilelile kwa matumizi yoyote ya kweli, japo Bara ina watu zaidi ya mara 31. Anayeonja mchuzi kwa kijiko haongezi ukubwa wa kijiko kwa sababu sufuria ni la harusini. Anachohitaji ni kukoroga vizuri kabla ya kuonja. Kukoroga huko ndiyo unasibu.

Acha kompyuta irudie mara elfu

Mnamo 1908 William Sealy Gosset, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha makala kwa jina la Student. Alitaka kujua wastani wa sampuli ndogo hufanyaje, na mbali na hesabu alijaribu kwa mikono: aliandika vipimo vya urefu na kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000 kwenye vipande vya kadibodi, akavichanganya kabisa, kisha akavigawa katika mafungu 750 ya vinne vinne. Leo kazi hiyo ni ya dakika tano kwenye Excel au LibreOffice Calc.

Weka data 200 za kundi lako kwenye A1 hadi A200. Kwenye C1 andika =INDEX($A$1:$A$200,RANDBETWEEN(1,200)), kisha nakili kulia hadi L1; hiyo ni sampuli ya 10 kwa kurudisha. Kwenye M1 andika =AVERAGE(C1:L1). Chagua C1 hadi M1 na uburute chini hadi mstari wa 1000. Safu M sasa ni mgawanyo wa sampuli, kwa makadirio ya karibu. Linganisha =STDEV.S(M1:M1000) na =STDEV.P(A1:A200)/SQRT(10). Zitakaribiana sana bila kulingana kabisa, kwa sababu marudio 1,000 nayo ni sampuli.

Mambo matatu huharibika hapa. Baadhi ya kompyuta zimewekwa zitumie nukta-mkato badala ya mkato ndani ya fomula. Ukipata ujumbe wa kosa, badili hilo kwanza. Ukisahau alama za dola, kila mstari utasoma data tofauti na chini utapata seli tupu zinazosomwa kama sifuri. Na kila ukigusa kitu, namba zote za nasibu hubadilika. Ukitaka kuzichorea grafu zisizocheza, nakili safu M na ubandike thamani tu mahali pengine.

Chora grafu ya nguzo ya safu A, kisha ya safu M. Hata data za A zikiwa zimelalia upande mmoja, kama mapato ya kaya yanavyokuwa, M itaanza kufanana na kengele. Hiyo ndiyo nadharia ya kikomo cha kati. Inazungumzia wastani, haizungumzii data. Sampuli kubwa haizifanyi data ziwe na umbo la kengele. Mapato ya kaya 10,000 yatabaki yamelalia upande kama mapato ya kaya 10. Na ile kauli ya darasani kwamba kengele hutokea "n ikifika 30" siyo mpaka wa kimaumbile. Data zenye ulinganifu huridhika na n ya 5 au 10. Data zenye mkia mrefu sana zinaweza kudai mamia. Badili safu C hadi L ziwe 30, kisha 100, uone mwenyewe kwa data zako.

Kanuni mbili zikishindana

Kijiwe kimoja cha bodaboda kimegawa vizibao vyenye namba kuanzia 1 bila kuruka. Umekaa barabarani ukaona vitano: 12, 9, 31, 58 na 20. Kijiwe kina madereva wangapi?

Kanuni ya kwanza: wastani wa namba 1 hadi N ni (N + 1) ÷ 2, kwa hiyo kadiria N kwa mara mbili ya wastani, toa 1. Wastani wa tano hizi ni 26, jibu ni 51. Lakini umeona kizibao namba 58! Kanuni isiyo na mwegemeo imetoa jibu lisilowezekana.

Kanuni ya pili inaanza na namba kubwa uliyoiona, m = 58, na kurekebisha ule upungufu tuliouona kwenye maembe: m + m ÷ k − 1, ambapo k ni idadi ya ulivyoviona. 58 + 11.6 − 1 = 68.6, sema 69. Hii nayo haina mwegemeo, na haiwezi kamwe kushuka chini ya ulichokiona.

Zote mbili hazina mwegemeo, basi tuzitenganishe kwa kosa sanifu. Variansi ya kanuni ya kwanza ni (k + 2) ÷ 3 mara ya ya pili. Kwa k = 5 ni mara 2.33. Kama N kweli ni 69, makosa sanifu ni karibu 17.3 na 11.3. Chagua ya pili.

Washirika wa Vita Kuu ya Pili walitumia wazo hili kwa namba za vipuri vya vifaru vya Ujerumani. Kwa Agosti 1942 hesabu ya namba ilitoa vifaru 327 kwa mwezi, wapelelezi walisema 1,550, na kumbukumbu za Wajerumani zilizofunguliwa baada ya vita zilionyesha 342. Masharti yake ni yaleyale ya vizibao: namba zisirukwe, na kila kimoja kiwe na nafasi sawa ya kuonekana. Ukikaa mbele ya kijiwe asubuhi tu, unawaona wale wanaowahi, na hesabu yote inaegemea kwao.

Mwegemeo hautibiwi na wingi

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10 na likarudishiwa zaidi ya milioni 2. Likatabiri kwamba katika uchaguzi wa urais Landon angepata asilimia 57 dhidi ya 43 za Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa karibu asilimia 61. Kwa sampuli ya milioni 2, kosa sanifu ni kama asilimia 0.035, na utabiri ulikosea kwa takriban asilimia 18. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa mdororo wa uchumi, na waliojibu hawakuwa sawa na wasiojibu. Fomula ya kosa sanifu haioni hayo. Inadhani sampuli ni nasibu na inapima bahati tu.

Ukubwa wa kosa zima hupatikana hivi: wastani wa mraba wa kosa = variansi + mwegemeo². Mizani inayozidisha gramu 3 inachangia 9 kwenye jumla hiyo, upime mayai 10 au 10,000.

Kazi yenyewe: trei 10 za mayai

Una mayai 300 na unataka kukadiria uzito wa wastani. Zipe trei namba 1 hadi 10, na mayai ndani ya kila trei 1 hadi 30, ukihesabu mstari kwa mstari. Toa namba 10 za nasibu kati ya 1 na 300. Ikijirudia, toa nyingine. Namba 137 ni trei ya 5 (121 hadi 150), yai la 17: kwenye trei ya mistari ya sita sita, mstari wa tatu, la tano. Nenda ukalichukue hilohilo. Usichukue la jirani kwa sababu hilo lina uchafu, na usikubali kuchukua yote kutoka trei ya juu, maana muuzaji hupanga makubwa juu.

Rudisha mizani kwenye sifuri kabla ya kila yai, na pima kitu kimoja unachojua uzito wake mwanzoni na mwishoni. Tuseme umepata 52, 55, 49, 58, 61, 54, 50, 57, 53, 56.

Jumla ni 545, wastani 54.5. Jumla ya miraba ya tofauti ni 122.5, gawa kwa 9 upate 13.61, kipeuo cha pili ni 3.69. Huo ni mtawanyiko wa mayai. Gawa kwa √10, yaani 3.162, upate 1.17. Huo ni mtawanyiko wa kadirio. Ukichukua asilimia 3.3 ya kundi, kirekebishi hakina maana. Anza kukitumia ukipita asilimia 5. Ukitumia mkengeuko sanifu wa sampuli (kama hiyo 3.69) badala ya σ, kirekebishi ni √(1 − n ÷ N).

Mnunuzi anataka kosa sanifu lisizidi gramu 0.5? (3.69 ÷ 0.5)² = 54.5. Hiyo ni sehemu kubwa ya mayai 300, kwa hiyo rekebisha: 54.5 ÷ (1 + 54.5 ÷ 300) = 46.1. Pima 47, 46 hayatoshi, kwa sababu hesabu ya ukubwa wa sampuli hupandishwa daima.

Kwenye ripoti andika: "Wastani uliokadiriwa ni gramu 54.5, kosa sanifu 1.2, n = 10, mayai yaliyochaguliwa kwa nasibu kati ya 300." Usiandike "54.5 ± 3.7" bila kueleza namba ya pili ni ipi; msomaji hawezi kujua kama ni mkengeuko wa mayai au kosa la kadirio, na kwa n = 10 tofauti yake ni zaidi ya mara tatu.